Nyangumi wa Mlango wa Johnstone

(Somo la Historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni)

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari lake na penseli yake. Mwalimu wa darasa, kabla sijaanza, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: NYANGUMI. PEZI. KAFI. HESABU. Mtayasikia mara nyingi. Mwisho wa somo nitawauliza habari za neno la nne, maana katika habari ya leo hesabu ilifanya kazi ambayo bunduki haikuweza kuifanya.

Leo tunakwenda mbali, mpaka pwani ya magharibi ya Kanada, katika jimbo la British Columbia. Kama mna ramani ya dunia ukutani, mwalimu na aweke kidole penye Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kaskazini. Hapo kuna kisiwa kirefu kiitwacho Vancouver Island. Urefu wake unapita kilometa 450, na kwa ukubwa hata Unguja 18 zingeenea ndani yake. Kati ya kisiwa hicho na bara kuna njia nyembamba za maji, zinazopita katikati ya milima na visiwa vidogo vingi. Njia moja huitwa Mlango wa Johnstone. Urefu wake ni kama kilometa 110, na mahali pengi upana wake hauzidi kilometa tano.

Pwani hiyo haifanani na pwani ya minazi na mchanga mweupe. Milima imeshuka moja kwa moja mpaka majini. Misitu ya mierezi na misonobari imefika ukingoni kabisa, na mvua hunyesha sana. Maji ni ya baridi mwaka mzima. Mtu akitumbukia bila mavazi ya kumkinga, mikono humfa ganzi baada ya dakika chache. Mkondo una nguvu, na ukungu hushuka ghafula. Dubu hutembea ufukoni wakitafuta chakula. Sehemu kubwa ya pwani hiyo haina barabara wala kijiji.

Hata hivyo, kila mwaka, tangu Julai mpaka Septemba, watu hutoka nchi nyingi kwenda huko. Hukaa ndani ya mitumbwi myembamba, makafi mikononi, wakimngoja nyangumi apite ili wamtazame tu. Baba zao na babu zao walimngoja nyangumi huyohuyo kwa bunduki. Badiliko hilo halikuchukua miaka elfu. Lilitokea katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Basi, na tuone lilitokeaje.

MNYAMA MWENYEWE

Wavuvi wa Kizungu walimwita "nyangumi muuaji". Wataalamu humwita orka, na sisi tutalitumia jina hilo. Kwa kweli yeye ni wa jamaa ya pomboo, naye ni mkubwa kupita pomboo wote. Dume aliyekomaa hufikia urefu wa meta 7 au 8, na uzito wake ni tani kadhaa. Mgongo wake ni mweusi, tumbo ni jeupe, na nyuma ya jicho ana baka jeupe. Pezi la mgongoni mwa dume husimama wima, nalo huweza kufikia kimo cha mtu mrefu.

Orka si samaki. Hupumua hewa kama sisi, huzaa, na hunyonyesha. Mimba yake huchukua miezi 17 hivi. Jike aliyejaliwa maisha marefu huweza kufikia miaka 70 au 80.

Orka wanaoonekana zaidi katika Mlango wa Johnstone ni wale wanaokula samaki, hasa samoni. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga mayai na kufa. Wakati wa kurudi hupita katika mlango huo kwa makundi makubwa, na orka huwafuata. Wako na orka wa namna nyingine, ambao hawataki samaki bali hula sili na wanyama wengine wa baharini. Makundi haya mawili huogelea katika bahari moja lakini hayaoani wala hayashirikiani. Na juu ya jina lile baya la "muuaji", hakuna habari iliyothibitishwa ya orka wa baharini kumwua mtu.

WATU WA KWANZA

Zamani sana kabla ya Wazungu kufika, pwani hiyo ilikuwa na wenyewe. Ni makabila yanayojiita kwa pamoja Kwakwaka'wakw, maana yake watu wanaosema lugha ya Kwak'wala. Kabila mojawapo ni Namgis, ambao mji wao leo ni Alert Bay, katika kisiwa kidogo karibu na mwisho wa mlango.

Watu hawa walikuwa mafundi wa mitumbwi. Walichagua mwerezi mkubwa, wakauangusha, wakauchonga na kuutoa matumbo kama fundi wa mtumbwi afanyavyo kwa mwembe. Kisha walitia maji ndani yake, wakatumbukiza mawe yaliyochomwa motoni, na kwa mvuke ule mbao zikalainika, wakaupanua mtumbwi ubavuni. Katika mitumbwi hiyo walivua, walifanya biashara, na walikwenda vitani na harusini. Walimjua orka vizuri. Walimchonga katika vinyago na katika nguzo za nyumba zao, wakamcheza katika ngoma zao kubwa.

Mwaka 1792 nahodha Mwingereza, George Vancouver, alipita hapo na merikebu zake, akaupa mlango ule jina la msaidizi wake, Johnstone. Baada yake walikuja wafanya biashara, kisha walowezi. Mwaka 1862 ndui iliingia katika pwani hiyo ikaua watu wengi mno, hata vijiji vingine vikabaki vitupu. Tena, tangu mwaka 1885 mpaka 1951, sheria ya Kanada iliwakataza wenyeji kufanya karamu zao kubwa za kugawa mali, na katika karamu hizo ndimo ngoma na vinyago vile vilimokuwa vikionekana. Basi wale waliomjua orka zaidi ya watu wote walinyamazishwa. Waliobaki kusema ni wale waliomwogopa.

BUNDUKI YA MWAKA 1961

Ndugu zangu, msiwacheke wavuvi wa siku zile. Mvuvi mwenye watoto wa kulisha hutega wavu wake, na mara anaona mapezi meusi yanakuja kwa kasi. Samoni wanatawanyika, na siku imepotea. Hana njia ya kujua kama orka wako mia au elfu kumi. Yeye anaona kwamba adui ni wengi, naye ni mmoja. Basi wavuvi wengi walibeba bunduki chomboni, na kumpiga orka risasi halikuwa jambo la kuficha. Baadaye, orka walipokamatwa wakiwa hai, baadhi yao walikutwa na makovu ya risasi.

Mwaka 1961 idara ya Serikali iliyosimamia uvuvi iliwasikiliza waliolalamika. Ikaweka bunduki ya rashasha, bunduki ya vita, juu ya mlima mahali paitwapo Seymour Narrows, upande wa kusini wa Mlango wa Johnstone, ili orka wakipita wapigwe. Kwa bahati njema bunduki hiyo haikupigwa hata mara moja. Palikuwa na hofu kwamba risasi zitaruka majini na kuumiza watu, au kuuwasha moto msitu.

Wakati huohuo nyangumi wakubwa wa bahari kuu walikuwa wakiwindwa kwa ajili ya mafuta na nyama. Kituo cha mwisho cha kuwachinja katika pwani ya magharibi ya Kanada kilikuwa Coal Harbour, katika Vancouver Island hiyohiyo. Kilianza kazi mwaka 1948 na kilifungwa mwaka 1967. Sababu moja kubwa ya kufungwa ni kwamba nyangumi walikuwa wamekwisha pungua sana. Mwaka 1972 Kanada ikakataza uwindaji wa nyangumi kwa biashara.

NYANGUMI ALIYEKATAA KUFA

Mwaka 1964 jumba la kuonyesha samaki la mji wa Vancouver lilitaka sanamu ya orka. Likamtuma mchongaji, Samuel Burich, aende akamwue orka mmoja, ili apime mwili wake na kuchonga sanamu iliyo sawasawa. Mwezi wa Julai, karibu na kisiwa cha Saturna, Burich na mwenzake walimchoma orka kijana kwa chusa. Orka yule akazimia. Wenziwe wawili wakamkaribia, wakamwinua mpaka juu ya maji apate kupumua.

Hakufa. Alivutwa kwa kamba ya chusa mpaka Vancouver, akawekwa ndani ya boma la majini. Watu wakampa jina la Moby Doll, wakidhani ni jike, kumbe ni dume. Kwa muda wa siku zaidi ya 50 hakula kitu. Hatimaye akaanza kupokea samaki kutoka mkononi mwa mtu. Watu walikuja kumtazama, na wote wakashangaa jambo moja: mnyama huyu mpole ndiye yule muuaji? Wataalamu wakaisikiliza sauti yake majini, wakainasa katika kanda. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule akafa.

Hapo hofu ikapungua, lakini balaa nyingine ikazaliwa. Watu walipoona kwamba orka hufundishika, wakataka kumwuza. Mwaka 1965 orka mwingine, aliyeitwa Namu, alinaswa katika nyavu za wavuvi, akanunuliwa kwa dola 8,000 na kupelekwa Seattle, Marekani, awe tamasha. Miaka iliyofuata wakamataji walizizunguka familia nzima kwa nyavu na kuwatenga watoto na mama zao, kwa sababu mtoto ni rahisi kumchukua. Mwaka 1970, mahali paitwapo Penn Cove, katika jimbo la Washington la Marekani, familia nyingi zilizungukwa kwa wakati mmoja, na watoto wengine walikufa nyavuni. Mpaka katikati ya miaka ya 1970 orka wasiopungua 40 wa makundi ya kusini walikuwa wamechukuliwa au wamekufa katika kazi hiyo.

Je, arobaini ni wengi au ni wachache? Mwanafunzi hawezi kujibu mpaka ajue walikuwa wangapi kwanza. Na mwaka 1970 hakuna mtu aliyejua.

DAFTARI LA BWANA BIGG

Sasa tunafika katika neno letu la nne. Michael Bigg alikuwa mtaalamu wa wanyama wa baharini katika kituo cha utafiti cha Serikali, mjini Nanaimo. Aliagizwa atafute idadi ya orka. Lakini utamhesabuje mnyama asiyekaa mahali pamoja, anayezama sasa hivi na kuibuka kwingine?

Kwanza, Bigg aliomba msaada wa watu wote wa pwani. Alitawanya karatasi 15,000 kwa wavuvi, kwa walinzi wa minara ya taa na kwa wenye vyombo, akawaomba kwamba tarehe 26 Julai 1971 kila mtu aandike orka aliowaona, mahali na saa. Karatasi zikarudi. Watu walidhani kwamba orka ni maelfu. Jumla ilipofanywa, ikaonekana kwamba labda hawazidi 350 katika pwani yote. Mwaka uliofuata na uliofuatia sensa ilirudiwa, na jibu likawa karibu na lile la kwanza.

Kisha Bigg na wenzake wakatambua jambo jingine. Mwaka 1972, katika Mlango wa Johnstone, walimwona orka mwenye pezi lililokatika, limebaki kigutu. Mwaka uliofuata wakamwona tena, naye alikuwa pamoja na wenzake walewale. Wakaanza kupiga picha za mapezi yote. Wakaona kwamba kila pezi lina alama yake: huyu ana pengo, yule ana kovu, na baka la kijivu lililo nyuma ya pezi halifanani kwa orka wawili. Basi kila orka akapewa herufi na namba. Yule mwenye pezi la kigutu akawa A1.

Ndugu wanafunzi, ninyi mliojifunza kuandika majina yenu mkiwa watu wazima mtalielewa jambo hili upesi. Mtu asiyeandikwa popote ni rahisi kumdhulumu. Mara jina lake likiingia kitabuni, akikosekana ataulizwa. Kabla ya daftari lile, orka aliyepigwa risasi alikuwa "mmoja katika wengi". Baada yake, alikuwa mama wa fulani, ndugu wa fulani, na nafasi yake ilionekana tupu.

Wataalamu wengine wa siku zile hawakuamini kwamba wanyama wa porini wanaweza kutambulikana mmojammoja hivyo. Baadaye Bigg alipangiwa kazi nyingine, lakini yeye na marafiki zake waliendelea na orka katika muda wao wa mapumziko. Kwa picha zile waligundua kwamba orka wala samaki huishi katika ukoo wa mama. Mtoto, awe dume au jike, hamwachi mama yake maisha yake yote. Mwenziwe mmoja, John Ford, alisikiliza sauti zao kwa vyombo vya majini akaona kwamba kila kundi lina lafudhi yake, kama mtu wa Lamu na mtu wa Unguja wanavyotambulikana kwa matamshi yao.

Picha zilisaidia pia kukomesha biashara ya kuwakamata. Ilipojulikana kwamba orka ni wachache hivyo, watu wengi wakapaza sauti, na mwaka 1976 ukamataji ulikoma katika jimbo la Washington.

MTUMBWI WA NGOZI

Sasa na tuuangalie ule mtumbwi mwembamba ambao watazamaji wa nyangumi huutumia. Huitwa kayaki. Asili yake si Mlango wa Johnstone, bali ni huko kaskazini kwenye barafu, kwa Wainuit na jamaa zao, tangu Alaska mpaka Greenland. Nchi zao hazina miti mikubwa ya kuchongwa. Kwa hiyo waliokota magogo yaliyoletwa na mawimbi, wakafunga kiunzi chembamba, wakakifunika kwa ngozi za sili. Wanawake ndio walioshona ngozi hizo, kwa mshono usiopitisha maji. Chombo kilifunikwa juu pia, pakaachwa tundu moja la mtu kukaa. Kafi lake lina bapa mbili, moja kila upande. Ni chombo cha mwindaji, chepesi na kimya.

Huko Alaska wenye kayaki walipata mateso. Wafanya biashara wa Kirusi, tangu karne ya 18, waliwalazimisha wenyeji wa visiwa vya Aleut kuwinda fisimaji wa baharini katika vyombo hivyo, kwa ajili ya manyoya yao ya thamani. Huko Ulaya, Mskoti John MacGregor alijiundia chombo cha mbao kwa mfano huo mwaka 1865, akasafiri nacho mitoni na kuandika kitabu. Tangu hapo kayaki ikawa pia chombo cha matembezi. Baada ya Vita Kuu ya Pili zilianza kutengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi, kisha kwa plastiki, na bei ikapungua. Hivyo mtu asiye baharia aliweza kwenda mahali ambapo zamani walifika wenyeji na wavuvi tu.

Katika mlango wetu, mmoja wa waliotangulia kumwendea orka kwa kayaki alikuwa Paul Spong, mzaliwa wa New Zealand. Alikuwa akiwachunguza orka waliofungwa katika jumba lile la Vancouver, akasema wazi kwamba wafunguliwe, na kazi yake huko ikaisha. Mwaka 1970 alianzisha kambi katika kisiwa cha Hanson, mwanzoni mwa mlango, akatumbukiza vyombo vya kusikilizia majini. Alitaka kuwasikia orka bila kuwafuatafuata.

KUTAZAMA KUNA ADABU YAKE

Mwaka 1980 Jim Borrowman na Bill Mackay walianza kuchukua wageni kwa mashua kutoka kijiji kidogo cha Telegraph Cove kwenda kuwatazama orka. Hiyo ndiyo safari ya kwanza ya biashara ya namna hiyo katika British Columbia. Wenye kayaki wakaongezeka pia.

Lakini palikuwa na hatari kutoka nchi kavu. Upande mmoja wa mlango, mto wa Tsitika humwagika katika ghuba iitwayo Robson Bight. Hapo kuna ufuko wa kokoto laini, na orka huja karibu kabisa na nchi kujisugua miili yao juu ya kokoto hizo. Makampuni ya mbao yalikuwa yakilitamani bonde la mto ule. Miti ikikatwa mpaka mdomoni mwa mto, tope lingeteremka, na magogo yangekusanywa pale pale wanapojisugua. Watu waliowajua orka wakapeleka ushahidi wao Serikalini: picha, namba na majina. Mwaka 1982 maji ya ghuba hiyo, zaidi ya hekta 1,200, yakafanywa hifadhi. Bigg alikufa mwaka 1990, na hifadhi ikaongezewa jina lake.

Pengine mzee mmoja huko nyuma ya darasa anauliza: "Lakini Mwalimu, kama bunduki zimekwisha na nyavu zimekwisha, mtumbwi wenye kafi una ubaya gani?" Swali zuri, mzee wangu. Wataalamu walikaa juu ya majabali wakiupima mwendo wa orka kwa vyombo vya kupimia. Wakaona kwamba chombo kikimfuata karibu, orka huacha njia yake iliyonyooka, huzungukazunguka, na hupoteza nguvu na wakati wa kula. Mashua yenye injini huongeza kelele, naye hutafuta samaki kwa sauti. Kayaki haina kelele, lakini hupita karibu na nchi, na mtu mwenye pupa anaweza kuingia katikati ya orka na kokoto zake.

Kwa sababu hiyo hata mwenye kayaki haruhusiwi kuingia katika hifadhi ile, na walinzi husimama kuwarudisha wapitao. Mwaka 2018 kanuni za Kanada ziliweka umbali wa meta 200 kutoka kwa orka katika pwani hiyo, na mahali pengine umbali uliongezwa baadaye. Wenye kayaki hufundishwa hivi: ukimwona orka anakuja, usimkimbilie wala usikatize mbele yake. Sogea ukingoni, kusanyikeni pamoja, shikaneni vyombo, na wekeni makafi juu ya magoti. Mwacheni yeye achague njia.

MTOTO ALIYEPOTEA

Nitamaliza kwa kisa kimoja. Januari mwaka 2002 mtoto wa orka, mwenye umri wa miaka miwili hivi, alionekana peke yake karibu na mji wa Seattle, mahali penye meli nyingi. Alikuwa amekonda na mgonjwa. Ni wa nani? Wataalamu walisikiliza lafudhi yake, wakafungua daftari la picha, wakajua: ni A73, aitwaye Springer, wa makundi ya Mlango wa Johnstone, mamia ya kilometa kaskazini. Mama yake alikuwa amekufa.

Walimnasa, wakamtibu, na mwezi wa Julai wakampakia katika chombo chenye mwendo wa kasi mpaka kisiwa cha Hanson, katika maji ya Wanamgis. Wanamgis walimpokea kwa mitumbwi yao na nyimbo zao, wakawa wamemvulia samoni walio hai. Usiku ndugu zake walisikika wakipita, naye akaita. Kesho yake akafunguliwa.

Siku za kwanza hazikuwa rahisi. Katika upweke wake alikuwa amezoea kuzifuata mashua, akidhani ni wenziwe. Hapo waliompenda walitakiwa wafanye jambo gumu, nalo ni kuondoka. Kila chombo kilichokaribiwa naye kilipaswa kumwepa. Polepole akawaacha watu, akawafuata orka, na jike mmoja kijana akawa akimwongoza. Mwaka 2013 Springer alionekana akiwa na mtoto wake mwenyewe.

Hebu fikirini. Bunduki ya rashasha iliwekwa mlimani mwaka 1961. Mwaka 2002, miaka 41 baadaye, serikali mbili, wataalamu, wavuvi na Wanamgis walikusanyika kumrudisha kwao mtoto mmoja yatima wa mnyama yuleyule. Kijana wa miaka 20 aliyeiona bunduki ile angeweza kumwona Springer akiwa mzee wa miaka 61.

Kazi haijaisha. Orka wa kaskazini, ambao ni wa Mlango wa Johnstone, walikuwa kama 120 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sasa wamepita 300. Lakini wale wa kusini, ambao watoto wao walichukuliwa wengi, wamebaki chini ya 80. Samoni wamewapungukia, kelele za meli zimezidi, na sumu imo katika maji. Waliwahesabiwa tangu zamani, lakini hesabu peke yake hailishi mtu wala mnyama. Hutuonyesha tu ni nani aliyekosekana, na kututaka tujibu.

Ninyi mlio pwani ya Afrika ya Mashariki mnajua kwamba nyangumi wenye nundu hupita katika bahari yetu, hasa tangu Julai mpaka Oktoba, wakitoka bahari ya baridi ya kusini kuja kuzaa katika maji ya moto. Huko Watamu, Kenya, wako watu wanaowaandika na kuwapiga picha. Mvuvi ajuaye kusoma na kuandika anaweza kusaidia kazi hiyo: tarehe, mahali, wangapi, na kama kuna mtoto. Mistari minne katika daftari yatosha.

Sasa penseli mkononi. Swali la kwanza: kwa nini mwaka 1961 watu waliweka bunduki mlimani, na walikuwa hawajui nini? La pili: picha za mapezi zilibadili nini? La tatu: kwa nini mwenye kayaki huweka kafi lake magotini orka anapokuja? La nne, zungumzeni pamoja kabla ya kuandika: katika kijiji chenu kuna mnyama, mti au chemchemi gani ambayo watu husema "iko tele", na hakuna aliyewahi kuihesabu?

Mpaka somo lijalo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.